Nyumba Moja, Mwanachama Mmoja

Siku ya kuondoa matanga ya Octave, wanachama wa Nyumba ya Picha walikutana asubuhi ili kugeuza kazi zake. Octave alikuwa wa kwanza kufariki kati yao, na alipofariki hakuna aliyejua nyumba ifanye nini. Augustin, mwenyekiti, alisema ukuta nao ufanye matanga. Kwa hiyo picha zote za marehemu zilikuwa zimegeuzwa uso ukutani, na wageni waliopanda kutoka bandarini waliona migongo tu: vitambaa vya magunia ya unga, misumari, na alama ya kinu iliyofifia. Walielezwa kwamba mwenyewe amefiwa na uhai wake, nao walisema pole na kupita kwenye ukuta mwingine.

Nyumba ya Picha iko Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, katika stoo ya zamani ya pamba. Wachoraji na wachongaji wa mji ndio wenye nyumba. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukuta na zamu yake ya kufagia, na kila jambo huamuliwa kwa mikono kuinuliwa.

Clothilde, mjane, alikuja amevaa kitenge kipya cha manjano. Alikuwa amevaa nyeusi muda mrefu hata ile rangi ilimfanya atembee kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba maji.

Augustin aliigeuza picha ya kwanza. Ilionyesha nguzo za wavuvi kwenye maporomoko, vikapu vikubwa vikining'inia na maji meupe yakipita chini. Alipoitundika, saini iliyokuwa pembeni chini ilibanduka. Ilianguka herufi moja moja, bila kishindo, kama mbawa za kumbikumbi asubuhi baada ya mvua. Ile O ilibingirika mpaka kwenye mguu wa benchi, ikalala.

"Unyevu ya muto," alisema Augustin.

"Hapana, iko rangi," alisema Rashidi, ambaye aliandika majina ya maduka na ya mashua na kwa hiyo aliulizwa mambo yote ya rangi. "Nilimuambiaka Octave, usinunue kwa yule mutu wa soko. Anachanganya na petroli. Octave hakusikiaka mutu."

Waligeuza ya pili, na saini yake ikaanguka. Waligeuza zote. Saini za wanachama wengine, kwenye kuta nyingine, hazikutikisika. Zamu ya kufagia ilikuwa ya Rashidi, naye akaenda kuchukua ufagio.

"Ngoja, tonton," alisema Clothilde, kwa lile neno la mjomba ambalo wadogo wake walimwita Rashidi.

Alipiga magoti na kuokota herufi zote, hata zile ndogo zilizoingia kwenye nyufa za saruji. Alizifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Iko mukono yake," alisema.

Ilikuwa kweli. Octave hakuwa amechora picha hata moja, lakini kila saini ilikuwa yake.

Picha alizichora Clothilde, nyuma ya nyumba, karibu na jiko, akishamaliza vyombo. Alizaliwa katika familia ya wavuvi wa maporomoko, na alijua maji yanavyogeuka rangi kabla samaki hajaingia kikapuni. Octave alitoka Opala, alikuwa seremala, na alichokijua vizuri ni mbao na watu. Alitengeneza fremu. Alipanda toleka akiwa ameshikilia picha kichwani, akimwimbia mwendesha baiskeli ili asichoke. Alisimama mbele ya wageni akazieleza picha mpaka wakacheka, na kisha wakanunua. Wakati Nyumba ya Picha ilipoanzishwa, waanzilishi waliandika kwamba nyumba moja itakuwa na mwanachama mmoja, kwa sababu waliogopa mtu mwenye wadogo wengi angejaza ukuta wote. Octave aliandika jina lake kwa sababu ndiye aliyekuwa kwenye mkutano. Clothilde alikuwa nyumbani, ametoka kujifungua.

"Weka tu jina yako," alimwambia mumewe aliporudi. "Sahani si iko moja?"

Kila picha ilipokauka, Octave alinawa mikono kama mtu anayeitwa mezani, akamtaka Clothilde asimame karibu naye, kisha akasaini polepole, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo. Baadaye alisema sikuzote neno lile lile: mkutano mkuu ujao atasimama na kueleza. Mkutano mkuu ulikuja kila mwaka. Ulianza na sala na kumalizika na chakula, na katikati Octave alikuwa mtu wa kuchekesha wengine, na siku ikaisha.

Jioni ile Clothilde alizimwaga herufi kwenye sahani na kuiweka juu ya kabati. Hazikusogea. Sisimizi walizipanda, wakazinusa, wakashuka. Alijaribu kukumbuka sauti ya Octave akisema "tayari?" kabla ya kusaini, na aliipata, lakini ilikuja bila uso. Siku ya pili ilikuja na uso bila neno. Hicho ndicho kilichomtuma kwenda kwa Nadia, katibu wa Nyumba ya Picha, ambaye alichora vitambaa na alikuwa wa mwisho kujiunga.

"Nataka kuingia," Clothilde alimwambia. "Nataka jina yangu iwe chini ya kazi yangu. Yeye aliniahidi, na hakufika. Sasa nitaenda mwenyewe."

"Mama Clothilde, ni haki yako," alisema Nadia. Yeye peke yake alimwita kwa jina lake. Wengine wote walimwita mama Octave, kwa jina la mumewe.

Nadia alisema pia kwamba mkutano mkuu utakuja kwa lazima, maana sheria za nyumba zilikataza kutundika picha isiyo na saini, na ukuta mzima wa Octave sasa haukuwa na saini. Ama picha zishuke, ama sheria zirekebishwe. Tarehe ikawekwa, Jumapili baada ya misa.

Wanachama walikaa kwenye mabenchi ambayo Octave mwenyewe aliyapiga randa. Augustin aliomba. Aliombea mji, mto, walio safarini kwenda Basoko, wagonjwa, na zana za kila mmoja kwa jina.

"Papa président," Rashidi alisema Augustin alipovuta pumzi, "sala yako iko sawa majani ya pondu. Inapikwa mpaka jua inashuka."

"Na weye uko sawa chumvi," Augustin alijibu macho yakiwa yamefungwa. "Ukizidi, tunamwaga. Amina."

Walianza na jambo la saini. Rashidi alikuwa amekuja na kopo la rangi ya mashua, nyeusi, nzito kama lami. Alisema rangi ile inakaa chini ya maji mwaka mzima, na mamba wakiikwaruza haitoki. Alishusha picha ya nguzo za wavuvi, akaiweka mezani, akaandika Octave kwa mkono uliofanana kabisa na wa marehemu, kwa sababu alikuwa fundi. Herufi zilisimama muda wa kutosha Rashidi kupangusa brashi. Kisha zikadondoka mezani, zingali mbichi, zikaacha madoa.

"Bon," alisema Rashidi.

Alijaribu kwenye picha nyingine. Ikawa vilevile.

"Mama Clothilde aandike jina yake," alisema Nadia. "Tuone."

Hakuna aliyepinga. Clothilde aliichukua brashi. Aliyekuwa amechora maji, moshi, magamba na mwanga wa asubuhi hakuwa amezoea kuandika jina lake, na mkono wake ulikwenda kama wa mtoto wa shule, na ile h ikawa kubwa kuliko C. Walisubiri. Mtu alifungua chupa za soda na kuzipitisha. Walikunywa wakilitazama jina. Lilibaki. Rashidi alilipuliza, akalikwaruza kwa ukucha, akaigonga meza chini yake.

"Inashika," alisema.

Nadia aliandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba jina la mjane limejaribiwa na limeshika.

Clothilde alikuwa bado amesimama. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, na sasa yalibaki machache.

"Papa président, hizi picha zote nilichora mimi."

"Tunajua, mama," alisema Augustin.

Alilisema kwa upole, na wengine walitikisa kichwa kwa upole.

"Nilikuyaka kwenu siku ya Noël," Augustin aliendelea. "Nikakuta uko na rangi mpaka kwenye kiwiko, na Octave iko anapepea makaa. Rashidi alikukutaka vile. Wote. Shida haiko pale, mama Octave."

"Shida iko wapi?"

"Iko kwa règlement. Nyumba moja, membre moja. Na nyumba yenu iko na membre."

"Membre gani?"

"Octave."

"Octave alikufa."

"Ndiyo. Tulimuzika pamoja, mimi nilishika kamba upande ya kichwa. Lakini Nadia, tusomee."

Nadia alisoma. Uanachama huisha kwa njia tatu: mtu akiandika kwamba anaacha, mtu akifukuzwa kwa kuiba kazi ya mwenzake, na mtu akikosa mikutano bila kuwajulisha wenzake. Baada ya hapo ukurasa ulikuwa mweupe. Siku walipoandika sheria zile mvua ilikuwa ikipiga mabati, kila mmoja alipaza sauti ili jambo lake liingie, na kifo hakikumjia mtu yeyote akilini. Walikuwa vijana.

"Hakuandika kwamba anaacha," alisema Rashidi, akihesabu kwa vidole. "Hakuiba, Mungu anajua. Na mikutano?"

"Alitujulisha," alisema Augustin. "Kwa mutu asiyekuya, yeye alitujulisha kabisa."

Watu walicheka kidogo, jinsi watu wanavyocheka matangani, na Clothilde naye alicheka, kwa sababu ulikuwa mzaha ambao Octave angeufanya.

"Basi tuongeze neno moja tu," alisema Nadia. "Kufa. Membre akikufa, nafasi inafunguka, na mama Clothilde anaingia leo hii. Tumekuja kurekebisha sheria, si kweli?"

Nje kulipita pikipiki, kisha nyingine.

"Kufa ya nani?" aliuliza Rashidi.

"Ya membre."

"Donc yangu."

"Ya kila mutu, tonton."

"Ya kila mutu, ndiyo, lakini mimi niko kati ya kila mutu. Leo tunaandika kufa pale chini, na wino nyeusi. Kesho homa inanikamata. Ile karatasi inakuwa inaningoja." Alisukuma kopo la rangi mbali kidogo naye. "Hapana. Mimi sitaki kuonana nayo kwa karatasi. Ikuye yenyewe, kama ilivyokuja kwa baba zetu."

Mwanamke aliyefinyanga vyungu alisema Rashidi anasema kweli. Mzee aliyechora mapadri alisema yeye anakaribia umri ambao maneno ya namna hiyo huvutana na mtu. Kila mmoja alitazama sehemu yake ya ukuta.

Augustin alisubiri wamalize. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tena si hofu peke yake," alisema. "Iko upendo. Nani kati yetu atanyanyua mukono kumutoa Octave? Tunakaa juu ya mbao yake hapa. Mimi siwezi." Akamgeukia mjane. "Weye, mama. Weye utanyanyua?"

Clothilde hakuwa amelifikiria hivyo. Octave alipokufa, mambo yote yalifanyika kwa mikono ya wengine. Shemeji zake walichagua jeneza. Mawifi walimnyoa, wakamvika nyeusi, wakamwambia wapi akae na lini alie. Walipoona imetosha walimwambia avue. Katika siku zile zote hakuna aliyemwuliza kama anakubali kwamba Octave amekufa. Sasa aliulizwa mbele ya watu, na jibu lilitakiwa kuwa mkono.

Aliyatazama madoa yaliyobaki mezani. Akafikiri kwamba mtu aliyelala kando yake miaka ile yote alikuwa na ahadi moja tu ambayo hakuitimiza, na kwamba kuitimiza kwa niaba yake ilikuwa ni kumsukuma nje ya mlango. Akafikiri kwamba yeye mwenyewe, kama asingefanya hivyo, angebaki nje ya mlango huo huo. Mambo yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna lililopunguza uzito wa lingine.

Aliinua mkono. Uliinuka taratibu, na ulipofika juu ulikaa.

Nadia aliinua wake.

Mikono mingine ilibaki magotini. Baadhi ya watu walilia. Nadia aliandika mkono mmoja, maana ule wa Clothilde haukuwa mkono wa mwanachama.

Hawakutaka aende hivyo hivyo. Walimpenda, na walitafuta la kumfariji, na baada ya mashauri walikubaliana kwa sauti moja juu ya kifungu kipya. Kilisema kwamba mwanachama aliyefariki anaendelea kuwa mwanachama, na anaweza kuendelea kuleta kazi mpya, kwa mkono wa mjane wake. Kifungu cha pili kilisema kwamba pale ambapo saini ya mwanachama haishiki, jina lake litaandikwa kwenye kibati na kupigwa misumari kwenye picha. Rashidi alijitolea kutengeneza vibati bila kudai kitu. Watu walipiga makofi. Mfinyanzi alimkumbatia Clothilde na kumwambia hakuna mjane mwingine mjini Kisangani aliyeachiwa ukuta mzima.

"Munifanyie basi hii," alisema Clothilde. "Ile jina moja yangu ambayo ilishika. Ibaki."

Walilijadili. Augustin alisema linaweza kubaki, kwa kuwa sheria hazikatazi kitu kilicho chini ya kibati.

Kisha walikula. Kulikuwa na samaki wa liboke, waliopikwa ndani ya majani, na kwanga ya muhogo, na Clothilde alipewa sehemu ya kichwa, kama mgeni wa heshima.

Miezi ya mvua ilifuata. Vibati vilishika vizuri. Clothilde alichora kuliko zamani, kwa sababu nyumba ilikuwa na saa nyingi sasa. Kila alipomaliza picha aliandika jina lake pembeni chini, na mkono wake ulizoea, na ile h ikawa na urefu wake wa haki. Alizipeleka Makiso kwa toleka. Nadia alimpokea mlangoni na kuandika kama sheria zilivyotaka: imepokelewa kutoka kwa Octave. Mara ya kwanza alipoandika hivyo alimwomba msamaha, na mara ya pili, na baadaye waliacha kulizungumzia na wakaulizana habari za watoto.

Mwishoni mwa kiangazi alileta picha ya mto ukiwa umepungua. Miamba ilikuwa imetoka nje, na kwenye nguzo moja ya wavuvi, mahali pa kikapu, kulikuwa na shati la mwanamume lililoanikwa. Upepo ulikuwa umelijaza, lakini hakukuwa na mtu ndani yake wala karibu yake. Maji yalikuwa na ile rangi inayokuja kabla ya samaki.

Wanachama waliacha kazi zao wakaja kuitazama. Augustin alisimama mbele yake muda mrefu, akavua kofia.

"Ni kitu ya ajabu," alisema hatimaye. "Toka alikufa, Octave anachora muzuri zaidi."

"Ndiyo," alisema Rashidi, akitoa misumari mfukoni. "Mukono imetulia."

Clothilde aliitazama picha pamoja nao.

"Nitamuambia, papa président," alisema.

Rashidi aliweka kibati pembeni chini, akakinyoosha, akaomba mtu amshikie fremu isitikisike. Waliokuwa karibu walikuwa bado wanafuta macho. Clothilde akaishika, mikono miwili, na Rashidi akapiga msumari wa kwanza juu ya C.